Ardhi ya Juu na Samaki wa Chini

(Hotuba ya Kamati ya Elimu ya Ushirika, iliyosomwa Sumbawanga mbele ya mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu)



Tumepewa heshima ya kusema maneno machache katika siku hii ya furaha. Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za hesabu, maghala, na bei ya mahindi, nasi hatutayarudia hayo. Twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya samaki.

Hapana shaka wapo watakaouliza, Je, chama cha wakulima wa mahindi, maharage, ulezi na alizeti kina shauri gani na samaki? Kila mtu na kazi yake. Mvuvi na avue, mkulima na alime. Neno hilo lina haki yake, wala hatulidharau. Lakini twawaombeni mtuvumilie kidogo, maana jambo tulilo nalo halianzi ziwani. Linaanzia katika mashamba yetu.

Sisi watu wa Ufipa tunakaa kama juu ya paa la nyumba. Mji huu wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi paa linateremka mpaka Ziwa Tanganyika, na upande wa mashariki linakatika kwa ghafula penye magenge ya Lyamba lya Mfipa, mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Maziwa yote mawili yako chini yetu kwa kiasi cha mita 1,000. Basi mvua inyeshapo juu ya paa, maji hayana njia nyingine ila kushuka upande mmoja au upande wa pili, na lolote lililolegea juu ya paa huenda pamoja nayo. Mto Momba unashuka Rukwa. Mto Kalambo unashuka Tanganyika, baada ya kuanguka katika maporomoko yale mashuhuri yenye urefu wa mita 235, ambako korongo wakubwa waitwao marabu hujenga viota vyao katika kuta za genge. Kila mtu aliyewahi kusimama kando ya mto katika mwezi wa Februari anaijua rangi ya maji hayo. Hiyo ni rangi ya shamba la mtu.

Sasa tuseme habari za ziwa lenyewe, maana wengi wetu twalijua kwa njia ya gunia la dagaa tu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na katika maziwa ya dunia nzima ni moja tu linalolishinda kwa kina, nalo ni Baikal la nchi ya Urusi. Wataalamu husema kwamba karibu sehemu moja katika sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia, ukiacha barafu, imo humo. Lakini msidhani kwamba kina chote hicho kimejaa samaki. Hewa ya kuvuta haifiki chini. Ukishuka mita 100 au 200 hivi, maji ni maiti, hakuna samaki awezaye kukaa. Uhai wote wa ziwa umo katika tabaka jembamba la juu na katika ukanda wa pwani. Chakula cha tabaka hilo kwa sehemu kubwa hutoka chini, na kinachokipandisha ni upepo. Kuanzia mwezi wa Mei, upepo wa kusi unaposukuma maji ya juu kwenda kaskazini, maji ya chini yenye rutuba hupanda upande wetu wa kusini, kama jembe linavyopindua udongo na kuleta juu kilichokuwa chini. Ndipo vijidudu vya majini huongezeka, na dagaa hula, na migebuka huwala dagaa.

Pwani kuna mambo mengine, na hapo ndipo twataka kukaa kidogo. Katika ziwa hilo zipo aina zipatazo 250 za samaki wa jamii ya perege, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wengi wao hukaa penye mawe ya pwani, wakikwangua kwa meno mwani mwembamba unaoota juu ya mawe hayo, kama mbuzi wanavyochunga kilimani. Wako wengine wadogo, wasiozidi urefu wa kidole, ambao nyumba yao ni gamba tupu la konokono. Humo hukimbilia adui ajapo na humo hutaga mayai yao. Na yuko kuhe, ambaye twamjua vizuri zaidi sahanini. Samaki huyu huhesabiwa miongoni mwa walio wakubwa kabisa katika jamii yake, aweza kupita nusu mita. Wakati wa kuzaa, dume na jike huja pamoja katika maji ya pwani, hutengeneza kiota mchangani, na wote wawili hulinda mayai na watoto wao. Mnaona basi kwamba mvuvi akiburuta kokoro katika mchanga huo, hachukui samaki wawili tu. Huchukua na kiota kizima. Ndiyo maana kokoro limekatazwa, na ndiyo maana wavuvi wenyewe, katika vikundi vyao vya ulinzi wa mialo, huwakamata wenzao walitumiao. Si kazi rahisi kumkamata jirani.

Lakini kiota cha kuhe chaweza kufa bila ya kokoro. Tope likishuka na mto, huyafunika mawe. Mwani hauoti vizuri, na wachungaji wale wa mawe hukosa malisho. Hujaza magamba ya konokono na huyafunika mayai. Watafiti waliopima pwani za ziwa hilo, na kutangaza matokeo yao mwaka 1993, walikuta kwamba penye tope jingi kutoka milima iliyokatwa miti, aina za viumbe zilikuwa chache kuliko pale ambapo misitu ya pwani bado ilikuwa imesimama. Hakuna jeshi la doria liwezalo kulizuia tope. Mpaka wa hifadhi ukiwekwa majini, tope halisomi kibao.

Twataka kuwapa mfano kutoka bahari, kwa sababu yaliyokwisha kutokea huko yanatufundisha yatakayotokea kwetu. Mwaka 1968 serikali ya Kenya ilitenga sehemu za bahari pale Malindi na Watamu ziwe hifadhi za taifa, za kwanza za namna hiyo katika Kenya. Uvuvi ulikatazwa ndani yake, askari wakawekwa, na samaki wakaongezeka. Lakini kaskazini ya Malindi huingia baharini mto Sabaki, ambao mwanzo wake ni mto Athi, unaotoka nyanda za juu karibu na Nairobi na kupita katika nchi ya Ukambani. Mto huo ukija na mafuriko, bahari ya Malindi hugeuka nyekundu. Huko kuna marijani makubwa, nayo hukua polepole, tabaka juu ya tabaka, mfano wa duara za mwaka katika shina la mti. Wataalamu walitoboa jiwe la marijani lenye umri wa kama miaka 300 na kupima ndani yake madini yaitwayo bariamu, ambayo huletwa baharini na udongo wa nchi kavu. Katika matabaka ya zamani madini hayo yalikuwa kidogo. Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 yakaongezeka sana, yaani tangu wakati ule ambapo nchi ya juu ilianza kukatwa miti, kulimwa na kulishwa mifugo kwa namna mpya. Mkulima aliyekuwa mbali na bahari kwa mamia ya kilomita, ambaye labda hakuiona bahari maisha yake yote, aliandikwa habari zake ndani ya jiwe chini ya maji.

Sisi hatuko mbali kiasi hicho. Gari litokalo Sumbawanga asubuhi laweza kufika Kasanga kabla ya jua kutua, na maji ya mvua hayahitaji nauli.

Yatupasa tuseme kweli yote wala tusiipunguze ili kuipendezesha hoja yetu. Kupungua kwa dagaa na migebuka hakukuletwa na tope peke yake, wala tope silo sababu iliyo kubwa kwa samaki wa maji makuu. Wavuvi wameongezeka, na taa zao pia. Tena hali ya hewa imekuwa joto. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu yamepata joto hata hayachanganyiki vizuri na ya chini, na upepo nao umepungua nguvu, hata rutuba haipandi kama zamani. Wataalamu hao walikadiria kwamba chakula cha msingi cha ziwa kilikuwa kimepungua kwa asilimia 20 hivi, na samaki kwa asilimia 30 hivi. Kwa hiyo mtu asije akaondoka hapa akisema kwamba Kamati ya Elimu imeahidi kuwa tukichimba matuta kule Matai, bei ya dagaa itashuka mwaka ujao. Hatukusema hivyo. Twasema kwamba joto la dunia haliko mikononi mwa Chama Kikuu hiki, na idadi ya mitumbwi haiko mikononi mwetu, lakini udongo wa mashamba yetu umo mikononi mwetu.

Nchi nne zinagawana ziwa hilo, nazo ni Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Tarehe 12 Juni 2003, mjini Dar es Salaam, zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa kwa pamoja, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikapata makao yake Bujumbura. Upande wetu wa Tanzania, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985, haikuishia ufukoni. Imechukua pia ukanda wa maji wenye upana wa kilomita 1.6, samaki wakae humo kwa amani. Hatimaye, kwa mapatano ya nchi hizo, uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa upande wetu kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti 2024, ili samaki wazae na wakue.

Miezi hiyo mnaikumbuka. Ilikuwa miezi ya mavuno kwetu, na mama zetu walinung'unika sokoni. Lakini fikirini habari za Kirando, Kipili na Kasanga. Mvuvi hana ghala. Mvuvi asipovua usiku huu, kesho hana kitu cha kuuza, na mkopo wa injini haungoji. Watu wale walikaa miezi mitatu nyavu zao zimeanikwa. Tulipokuwa tukizungumza na wanachama katika Vyama vya Msingi, mzee mmoja alituambia waziwazi kwamba wavuvi hawajapata hata siku moja kupanda huku kuja kutulimia, basi kwa nini sisi tuwahifadhie samaki wao? Tulimjibu kwa heshima kwamba miezi mitatu ile ilikuwa ndiyo jembe lao. Hatujui kama aliridhika. Alicheka, akatukaribisha togwa.

Sasa tufike penye shauri lenyewe, ambalo ni gumu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kufanya shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa, au shughuli zilizo za namna ya kuharibu mazingira ya mahali hapo. Wote tunaijua, na wote tunajua pia mahali bustani zilipo. Bondeni, kando ya kijito, ndipo udongo ulipo mweusi, ndipo maharage ya kiangazi yanapoota, na ndipo kabeji na vitunguu vinapompatia mama fedha za karo ya mtoto. Mita 60 kila upande ni ardhi nyingi kwa mtu mwenye eka mbili. Msemaji yeyote ajaye hapa na kusema kwamba hilo ni jambo dogo, basi yeye hana bustani.

Tena hatutaki kazi hii ifanywe kwa amri na faini. Nchi yetu ilikwisha kuona mambo hayo. Wakati wa serikali ya kikoloni watu wa Uluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani. Matuta yenyewe hayakuwa wazo baya. Lakini yaliletwa kwa nguvu, bila ya kusikiliza wenye ardhi, na mwaka 1955 ghasia zilitokea, mtu akapoteza maisha yake, na mpango ukafa. Udongo wa Uluguru haukupata faida yoyote. Ushirika haukuundwa kwa kazi ya namna hiyo. Tangu mwaka 1995 kanuni ya saba ya ushirika wa dunia nzima ni kuijali jamii inayokizunguka chama, kwa njia ambazo wanachama wenyewe wamezikubali, na neno kukubali halikuwekwa pale kwa ajili ya mapambo.

Wala hatuanzi na mikono mitupu. Wazee wetu wa Ufipa walikuwa na ntumba. Vijana wa siku hizi huenda wakadhani ni habari za kizamani, kwa hiyo tuzieleze. Kuelekea mwisho wa mvua, nyasi zilikatwa pamoja na mabonge ya udongo, zikarundikwa na kufunikwa, pakawa na kichuguu cha duara. Nyasi ziliozea ndani badala ya kuchomwa moto. Juu yake walipanda maharage. Msimu uliofuata kichuguu kilifumuliwa, mbolea ikasambazwa shambani, ukapandwa ulezi. Mabwana shamba wa kigeni walioizuru nchi hii waliistaajabia kazi hiyo, maana nchi ya nyasi isiyo na miti mingi iliweza kulisha watu bila ya mbolea ya dukani. Na jambo lililo muhimu kwa maneno yetu ya leo ni kwamba maji yakianguka juu ya shamba la ntumba hayapati njia ya kukimbia. Huzunguka huku na huku kati ya vichuguu mpaka yakazama. Plau ya ng'ombe ni chombo kizuri, wala hatumwombi mtu airudishe dukani. Lakini plau ikipita kutoka juu kwenda chini ya mteremko, kila mfuo huwa mfereji. Ipite kwa kukata mteremko, na mfuo uleule huwa kinga.

Kupima mteremko hakuhitaji mtaalamu wa kutoka mbali. Chukueni miti mitatu, muifunge mfano wa herufi A, mning'inize uzi wenye jiwe kutoka kileleni, na mtie alama katikati ya mti wa kupitisha. Miguu miwili ikisimama mahali palipo sawa, uzi hugusa alama. Vijana wawili wenye chombo hicho na vigingi waweza kupima shamba la eka moja kwa asubuhi moja. Juu ya tuta pandeni mabingobingo. Mizizi yake hushika udongo, na majani yake ni chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, ambapo kila mfugaji wa Ufipa anajua taabu ilivyo.

Msisahau pia upande wa Rukwa, ambao husahauliwa kwa sababu samaki wake hawana sifa kama za Tanganyika. Ziwa lile halina mto wa kutoka, kinachoingia hakitoki. Tena ni la maji mafupi, ya mita chache tu, hata katika miaka ya ukame pwani yake imekimbia mbali na vijiji, na katika miaka ya mvua imewafuata watu mpaka majumbani. Ziwa la kina cha mita 1,470 laweza kuvumilia mengi kabla halijajaa. Rukwa haliwezi. Ndugu zetu wa Muze, Mtowisa na Ilemba wanaishi kwa perege wa ziwa hilo na kwa mpunga ulio njiani mwa mito yetu, nao ndio hufunikiwa mashamba kwa mchanga mto unapovunja kingo. Viboko, mamba na makundi ya ndege wa majini wa ziwa lile wana haki yao, lakini hata asiyewajali ndege atamjali shemeji yake aliyeoa huko chini.

Kwa hiyo tumeleta mapendekezo mbele yenu, nayo yatajadiliwa alasiri, kila Chama cha Msingi kikiwa na kura yake. La kwanza, kila Chama kipime mita 60 za kijito kimoja tu mwaka huu, kile ambacho wanachama wenyewe watakichagua, wala si vyote. La pili, mwanachama atakayeachia bustani yake ya bondeni awe wa kwanza kupewa mbegu na mbolea ya mkopo msimu ujao, na wenzake wamlimie matuta katika shamba lake la juu kwa zamu, siku mbili kila mtu. Gharama ya jambo hilo imeandikwa katika makisio, ukurasa wa mwisho. Ni pungufu ya ile tuliyoitoa mwaka uliopita kwa matengenezo ya lori. La tatu, wajumbe sita waende Kirando na Kasanga wakaonane na wavuvi, wawaulize waliyoyaona tangu mwaka 2024, nasi tuwaonyeshe tunayofanya. Wavuvi nao wana vyama vyao.

Kuhusu pendekezo la pili, twajua kwamba Vyama viwili vimekwisha kusema vitapinga, kwa hoja kwamba mbegu za mkopo hazitoshi hata sasa. Hoja hiyo ni ya haki, na Mweka Hazina ataijibu yeye mwenyewe. Mabingobingo ya kupanda yako tayari nyuma ya ghala, yamefunikwa kwa magunia yenye maji. Atakayetaka achukue bure kabla ya kuondoka, ila tafadhali arudishe magunia.